Mashine Iliyomuuliza Shangazi

Geuka. Ndiyo, wewe unayeupita mlango wa wadi ya mifupa ukijifanya unasoma simu. Nakuona. Wazee waliolala mle unawajua, ila umeamua kutowajua. Basi sikiliza nilichoota jana usiku.

Niliota nimefika wadini na chupa ya uji. Shangazi yangu Nyamizi, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, yuko kitandani, na sisi ndugu tumemzunguka kwa heshima, kama tulivyozoea.

"Pole, Shangazi, usijisumbue," akasema binamu yangu Kashindye. Ile pole ikatoka mdomoni mwake ikiwa blanketi, ikamwangukia Shangazi mguuni. Mama mdogo naye akasema, "Lala tu, dada, pumzika." Blanketi jingine. Hakuna aliyeshtuka. Rundo likakaribia dari, Shangazi akabaki uso tu.

"Nataka kusimama," uso ukasema.

"Anatania," nikawaambia ndugu. Nikaongeza blanketi langu, zito kuliko yote.

Kabati la ukutani likafunguka, ikatoka mashine ndogo yenye kipande cha utepe shingoni. Utepe ule naukumbuka! Namkumbuka na mheshimiwa aliyeukata siku mashine ilipozinduliwa, akapigwa picha, kisha ufunguo wa kabati ukapotea. Nikaanza kufoka.

"Ukimaliza tuendelee," mashine ikasema. Ikapanda kitandani, ikachimba hadi mguuni, ikabandika kibandiko upana wa vidole vinne chini ya goti. "Hapa napitisha umeme mdogo. Maumivu yakipungua, asimame afanye mazoezi. Kumnyanyua si kazi yangu. Bibi, unausikia?"

"Anausikia," nikasema.

"Nimemuuliza mwenye mguu."

"Msemaji wake ni mimi. Na huyu si redio ya kuchomekwa umeme. Toa!"

Mara wadi ni uwanja wa mkutano. Niko jukwaani, kipaza sauti mkononi, nawasemea wazee wote wa nchi hii. Watu wanapiga vigelegele. Kitanda cha Shangazi kiko mstari wa mbele kabisa. Goti lake linanyoosha mkono.

"Taarifa, mwenyekiti."

"Kaa chini."

"Nimekaa wiki nzima," linasema goti. "Nyama za paja zinanihama."

Naangalia langoni. Kweli, nyama za paja la Shangazi zinatoka moja moja, mizigo kichwani. "Shikamoo, mwenyekiti," zinaniaga kwa adabu. "Sisi hapa hatuna kazi."

Vigelegele vinakatika. Umati wote unaniangalia. Afadhali wangenizomea.

Mashine inapanda jukwaani, inanikunja suruali, inanibandika palepale chini ya goti. Mguu wangu unaanza kucheza mbele ya watu.

"Unausikia?"

Nafungua mdomo nijibu.

"Hausikii huyo," Shangazi anajibu kutoka kitandani. "Hajasikia kitu tangu azaliwe. Ongeza."

Inaongeza. Nacheza peke yangu, bila ngoma, na sasa wanacheka, hata Kashindye. Aibu inanishuka hadi kisiginoni.

"Bado," anasema Shangazi. "Ongeza tena."

Nikaamka. Nikaukunjua mguu. Vidole vinne chini ya goti, vinyweleo vyote vimeng'oka kwa duara safi, na ngozi inanata.

Chai sikunywa. Naandika haya nimesimama nje ya wadi, kabla hawajafungua, na watu walionizoea kwa maneno mengi wananisalimia. Naitikia huku natazama chini. Shangazi yumo ndani, mguu haujagusa sakafu, na sijui zimebaki nyama ngapi.

Nawe una mzee wako aliyelazwa kwa heshima. Ondoka hapo ulipo. Nenda sasa hivi, si baada ya chakula. Mtafute mtaalamu wa mazoezi, muulize mashine wameifungia wapi, na usikubali kuambiwa urudi kesho. Kisha simama karibu na kitanda, umuulize mzee anataka nini. Halafu funga mdomo, umsubiri ajibu mwenyewe.