Chini ya Tela la Mama Pima

Alipostaafu ushonaji, Mama Pima alinunua tela la kulala, lile la kuvutwa nyuma ya gari, lenye kitanda, jiko dogo na meza ya kukunja. Nia yake ilikuwa kuwazungukia wanawe bila kumhamisha mjukuu yeyote kitandani. Safari ya kwanza alilala mlimani, na kesho yake akageuza gari. Baridi ilikuwa imempanda kutoka sakafuni mpaka magotini.

"Plaiwudi tupu," alisema mkwewe, mume wa kitinda mimba wake, baada ya kuchungulia chini. "Niachie mimi, mama. Nitaleta pamba ya kioo, ile wanayoweka darini. Laini, inaingia popote."

Mkwe huyu alikuwa fundi rangi, mwepesi wa kuahidi. Kwa miaka sita ya ndoa alimheshimu mama mkwe wake kwa namna moja tu: kukaa mbali naye. Mama Pima akiingia sebuleni, yeye hukumbuka jambo uani.

Mama Pima hakubisha. Aliomba dukani vipande viwili, kimoja cha pamba ya kioo na kingine cha povu gumu linalouzwa kwa mabamba, akavizamisha kwenye beseni na kuvikandamiza kwa jiwe. Asubuhi akamwita mkwe. Pamba ilikuwa imekunywa maji, nzito kama mtoto aliyesinzia. Povu alilipangusa mara moja, likawa kavu.

"Tela langu linapita kwenye madimbwi, baba," alisema. "Halikai darini."

Mkwe akakuna kichwa. "Basi povu."

Jumamosi walilipandisha tela kwa jeki, wakalikalisha juu ya stendi nne. Mkwe akajilaza chali kwenye turubai, akapima nafasi moja kati ya vyuma vya fremu, kisha akatoka na kukata vipande vyote vinane kwa kipimo hicho hicho. Cha kwanza kiliingia sawasawa. Cha pili kikagoma. Cha tatu kikaingia, kikatulia kidogo, kikamwangukia usoni.

Mama Pima, kutoka kitini kwake, alisikia guno.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, mama. Tunaelewana."

Cha nne kilipoanguka, Mama Pima alichukua futi yake ya kushonea na chaki, akaingia chini ya tela na kulala kando ya mkwewe. Mkwe akasogea mpaka bega likagusa gurudumu. Pa kukimbilia hapakuwapo.

"Hakuna watu wawili wenye kiuno kimoja," alisema Mama Pima, akivuta futi. "Na vyuma ni hivyo hivyo. Shika: arobaini na moja na nusu."

Wakaenda nafasi kwa nafasi, yeye akipima, mkwe akitoka kukata na kurudi kulala bega kwa bega. Palipobaki upenyo walijaza povu la kopo, lile linalovimba likitoka. Kwenye nafasi ya sita mkwe akapiga moyo konde.

"Mama, siku uliyonipima suti ya harusi ulitikisa kichwa. Nikajua hukunitaka."

Mama Pima akashusha futi. "Siku ile? Bega lako moja liko chini kuliko lingine. Nilikuwa nawaza namna ya kulificha. Nikakuwekea pedi nene upande mmoja. Hukuona?"

"Sikuona."

"Basi nilishona vizuri."

Akaanza kucheka, kopo likamtikisika mkononi, povu bichi likamdondokea mkwe kichwani. Naye akacheka mpaka mkewe akaja kutazama. Aliona jozi mbili za miguu zikitingishika chini ya tela, akarudi ndani asiulize.

Jioni walifunika kazi yote kwa shiti ya plastiki na skrubu. Nywele za mkwe ilibidi zinyolewe, maana povu lile likishakauka halisikii sabuni.

Wiki iliyofuata Mama Pima alipiga simu kutoka mlimani. Alikuwa anachemsha chai miguu peku, alisema, na angeongeza siku tatu. Ila dirisha la kitandani lilikuwa linapitisha upepo.

"Ukirudi nitakuja tuliangalie," alisema mkwe. Akavuta kiti, akakaa, kwa sababu mama mkwe wake bado alikuwa na mengi ya kusimulia.