Benki ya Jumapili

Jemutai hakuipenda ile benki, na wateja wake aliwadharau bila kujificha sana.

Benki yenyewe ilikuwa simu yake, sanduku la vichipu vya plastiki, na kiti kimoja kando ya meza ya kulia pale kwao Kiamunyi. Wateja walikuwa wanaume wanne wazima, mmoja wao mume wake, waliokutana kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kucheza poka. Wenyewe walisema ni mchezo wa akili. Jemutai alikuwa amewapikia chai miaka miwili, na hiyo akili hakuwahi kuiona hata ikipita nje ya dirisha.

Kazi hiyo alipewa kwa sababu wao kwa wao hawakuaminiana. Mwanzoni benki ilishikwa na Ogola, mwenye malori ya mchanga. Jioni moja pesa ikapungua elfu nane, kila mtu akaapa kwa jina la mama yake, na wakanuniana mwezi mzima kama watoto wa nasari. Ndipo wakakubaliana benki ishikwe na mtu asiyecheza. Weldon, mume wa Jemutai, akamtoa mkewe bila kumuuliza, kama mtu anayetoa kiti cha ziada.

Sheria zilikuwa rahisi, hata kwao. Anayetaka kucheza anatuma elfu kumi kwa simu ya Jemutai. Ujumbe ukiingia, Jemutai anasoma jina, anamhesabia vichipu vya elfu kumi. Vikimwishia na bado ana hamu ya kufilisika, anatuma tena. Hakuna kuandikiwa deni, hata uwe nani. Mwisho wa mchezo kila mmoja anarudisha vichipu alivyobaki navyo, na Jemutai anamlipa thamani yake. Kilichoingia lazima kitoke chote. Tangu yeye aishike benki, hesabu haikuwahi kupungua wala kuzidi, na hilo Jemutai alijivunia kimoyomoyo.

Wachezaji wenyewe sasa! Nicodemus, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba ili wenzake wasisome macho yake, kisha akawa anashindwa kuona karata zake mwenyewe. Ogola akipata karata nzuri alipiga mluzi, na hata kuku wa nje walijua wakati wa kukimbia. Nimesh, mwenye duka la vitambaa mjini, alingoja wenzake waamue ndipo naye aseme ni kile alichokuwa anafikiria. Na Weldon, bwana wa nyumba, alijifunza mchezo kwenye simu akiwa chooni, akatoka huko anajiita mtaalamu. Debe tupu haliachi kuvuma, na Jemutai alikuwa ameolewa na debe.

Jumapili hii alidhani watapumzika, kwa maana kulikuwa na msiba. Jonah, binamu wa Weldon, alikuwa amefariki Jumatatu kwa homa ya mapafu. Alikuwa fundi wa welding kule Rhonda, na mageti ya nyumba zote nne za mabwana hawa yalikuwa kazi ya mikono yake. Alikuwa azikwe Jumamosi inayokuja kwao Bahati, lakini mochari haingeachilia mwili kabla bili haijalipwa yote. Kamati ya mazishi iliundwa, na Weldon akafanywa mweka hazina, kwa sababu ana suti na ana sauti. Michango ilitumwa kwenye laini yake ya pili, iliyokuwa ndani ya simu ndogo ya vibonyezo.

Jemutai mwenyewe ndiye aliyeisambaza hiyo namba. Aliituma kwa kina mama wa chama, akaituma kwa dada zake, akashuka Rhonda akawasomea mafundi wenzake Jonah kwa mdomo, mmoja mmoja. Nao walituma, mia mia, mia mbili mia mbili, pesa ambayo mtu ameikata kwenye unga wa jioni. Mpaka jana yake, Jumamosi, laini ilikuwa imefikisha pesa ya mochari na ya jeneza, na Jemutai alikuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Kwa hivyo alipoona wanne hao wakivuta viti, alimuuliza mumewe kama hawaoni aibu. Weldon akasema wanapunguza mawazo. Mwalimu Nicodemus akaongeza kwamba hata marehemu asingependa watu wakae wakihuzunika. Loo, jinsi wafu wanavyopenda mambo yanayotufaa sisi! Jemutai akafungua sanduku, akakaa kwenye kiti chake.

Walicheza mchana kutwa. Weldon alitumia elfu kumi ya kwanza kabla chai haijachemka. Akatuma tena, akaliwa. Akatoka barazani kidogo, akarudi, akatuma mara ya tatu, akaliwa tena, huku akiwaeleza wanaomla kwamba wanacheza vibaya. Mara ya nne alituma akiwa amesimama. Kila mara simu ya Jemutai ililia, Jemutai akasoma jina la Weldon, akahesabu vichipu, akasukuma. Alimwona mumewe mjinga, lakini hilo halikuwa jambo jipya la kumfanya aangalie mara mbili.

Jua likiwa bado juu ya ukuta, Weldon akabaki na meza tupu mbele yake na mchezo ukaisha. Jemutai akakusanya vichipu vya wengine. Nicodemus alikuwa na vya elfu thelathini na sita, Ogola ishirini na tisa, Nimesh kumi na tano. Jumla elfu themanini. Kabla ya kulipa, kama ilivyokuwa desturi yake, alirudi kwenye simu kuhakikisha kwamba kweli elfu themanini ndizo zilizoingia. Zilikuwa sawa. Ila safari hii, akiteremka ujumbe baada ya ujumbe, jicho lake liliteleza kutoka kwenye jina likaangukia namba.

Jina lilikuwa moja, Weldon, kwa maana laini zote mbili zimesajiliwa kwake. Lakini ni ile ya kwanza tu iliyotoka kwenye laini yake ya kawaida. Tatu za mwisho, elfu thelathini nzima, zilitoka kwenye namba aliyokuwa akiwapa watu watume mchango wiki nzima, namba aliyoijua kuliko yake mwenyewe. Alikuwa amezoea kusoma jina na kutosheka.

"Weldon," alisema, "elfu thelathini ya hapa ni ya kumzikia Jonah."

Weldon hakukana. Alisema alikuwa amekopa tu kwa saa chache, karata zilikuwa karibu kugeuka, na kwani anafikiri yeye ni mwizi? Jemutai akawageukia wale watatu akawapa mpango, polepole, kama mtu anayewafundisha watoto kujumlisha. Kila mmoja achukue pesa aliyokuja nayo, yote, asipoteze hata ndururu. Nicodemus kumi zake, Nimesh kumi zake, Ogola ishirini zake. Zitabaki arobaini, na kati ya hizo thelathini zirudi kwenye mchango leo hii, kabla hata chai haijapoa. Watakachokosa ni faida tu, faida ya mchana mmoja wa kukaa.

Na hapa ndipo Jemutai alipowajua wanaume hao hadi mfupani. Wote walikuwa kwenye kamati. Wote walikuwa wamemlilia Jonah Jumanne, Ogola kwa kwikwi. Nimesh akamtazama Ogola. Ogola akasema kwa upande wake hana neno, yeye atafuata atakalosema Mwalimu. Nimesh akasema hata yeye ndivyo alivyokuwa anafikiria. Basi wakageuka wote kwa Nicodemus, ambaye alikuwa anaipangusa miwani yake kwa ncha ya tai.

"Mama Kipkemei," Nicodemus alimwambia Jemutai kwa upole wa mimbarini, "benki haiulizi mtu pesa ameitoa wapi. Ikianza kuuliza, hiyo si benki tena. Na mchango si upo Alhamisi? Alhamisi tutatoa."

Jemutai akamtazama mumewe. Bado angeweza kuliokoa jambo hilo kwa neno moja, na marafiki zake wangenung'unika wiki mbili kisha wakasahau. Lakini Weldon alikuwa akiwatazama wenzake, si mkewe. Alichoogopa ni kuitwa mtu anayeshindwa halafu akalia arudishiwe. Binamu yake alikuwa kwenye barafu, naye alikuwa anaogopa kuchekwa na Ogola.

"Walipe," akasema.

Akawalipa. Tusimpambe Jemutai kwa rangi asizokuwa nazo, aliwalipa. Alijiambia kwamba Weldon ataziba hilo pengo kabla ya Alhamisi, kwamba mke hamvui mume nguo mbele ya wageni. Lakini pia kulikuwa na ule ujinga wake wa kujivunia benki isiyowahi kukosa kulipa. Simu za watu watatu zikalia mfululizo. Kila mmoja aliangalia kama imefika yote, akashukuru kwa chai, akatoka kupitia geti la Jonah.

Kuanzia Jumatatu Weldon akawa mtu wa shughuli. Alikuwa anaenda kumwona mtu, huyo mtu alikuwa amesafiri, akirudi angemwona mwingine. Jemutai alimwambia auze dume la ng'ombe lililokuwa zizini. Weldon akasema bei ni mbaya wiki hii. Jemutai akamwambia amweleze ukweli mwenyekiti wa kamati, mzee Kahiga. Weldon akamuuliza kama anataka kumuua. Jumatano usiku alikoroma vizuri kabisa, na Jemutai akalala macho kando yake akishangaa aliolewa na nini.

Alhamisi alasiri kamati na majirani wakakutana kwa marehemu, chini ya hema la kukodi, kufanya hesabu ya mwisho. Jepkosgei, mjane, alikaa mbele na leso yake mabegani. Wiki nzima alikuwa amejibu watu kwa kutikisa kichwa tu. Weldon akasimama na suti yake. Akasoma hesabu kwa sauti nzuri, kisha akakohoa, akasema kwa masikitiko kwamba kuna pengo la elfu thelathini. Ati waliofanya kazi na marehemu kule Rhonda waliahidi mengi, lakini tunajua mambo ya mafundi, ahadi ni rahisi kuliko kutoa. Mafundi watatu waliokuwa wamesimama nyuma, bado na vumbi la chuma kwenye viatu, wakainamisha vichwa kwa aibu isiyokuwa yao.

Jemutai aliyasikia hayo akanyamaza, na kunyamaza huko kulimchoma. Alikuwa amekuja ameamua kuficha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, alijiambia, na aibu ya nyumba yangu nitaijua mimi. Alipanga kwenda kwa chama chake jioni hiyo akope hiyo pesa yote kwa jina lake, mwili utoke kesho, halafu ajue la kumfanya Weldon.

Ndipo Mwalimu Nicodemus akasimama. Akaomba dakika moja. Akanukuu Maandiko kuhusu wajane na mayatima, akasema pengo haliwezi kumshinda Mungu, akatia mkono mfukoni akatoa noti mbili za elfu moja, akazinyoosha juu hewani ili hata walioko nyuma wazione. Alisema hizo ni za kuanza kuziba. Watu wakapiga makofi. Ogola akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na Nimesh, alipoona wengine wanapiga, akapiga. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nicodemus akaenda mbele, akaziweka zile noti kwenye kiganja cha Jepkosgei, akakifumba kwa mikono yake miwili.

Jemutai alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuamua.

"Mwalimu," alisema, "hiyo elfu mbili ni ya Jonah mwenyewe. Ulimshinda Jumapili, kwa karata, mezani kwangu."

Makofi yakakatika. Kwa sababu watu hawakuelewa, Jemutai akawaeleza, bila kupandisha sauti. Akasema Rhonda walitoa, wote walioahidi, na zaidi. Akasema nani alichukua elfu thelathini kwenye simu ya mchango na akainunulia nini, nani waliondoka nayo, na kwamba aliyewalipa ni yeye mwenyewe huku akijua. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kulitoa, lakini akalitoa. Weldon akalitaja jina la mkewe mara moja, kwa sauti ya kuonya. Jemutai hakumgeukia. Mzee Kahiga akanyoosha mkono, na Weldon akaitoa ile simu ndogo mfukoni akampa.

Watu wote sasa walikuwa wanamwangalia Jepkosgei, wakingoja azirai, au alie, au amtupie Mwalimu zile noti usoni. Mwalimu mwenyewe nadhani alitamani sana azitupe, maana angeziokota akaondoka amekasirika kwa haki. Jepkosgei akafumbua kiganja. Akazihesabu zile noti, ingawa zilikuwa mbili tu, akazikunja, akazifunga kwenye pindo la leso.

"Bado elfu ishirini na nane," alisema.

Akavuta kiti chake, akakigeuza kiwaelekee wale wanne, akakaa kungoja.