Dume Aliyenenepa kwa Hewa

"Mimi nikimwangalia ng'ombe machoni tu, najua kama ana mimba," bibi alimwambia daktari wa mifugo, kabla hata daktari hajamaliza kuvaa mabuti. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Mwaka jana niliwaangalia wote, nikasema wote wanayo. Hakuzaa hata mmoja. Lakini macho yalikuwa mazuri."

Daktari, binti mwenye mikono mirefu iliyofaa kazi yake, akavuta glovu hadi begani na kuingia zizini. Mwana wa bibi alisimama mlangoni na uso wa mtu aliyekwisha kata shauri. Ng'ombe wa nyama asiyezaa, alikuwa akisema, ni mgeni asiyejua kuaga. Leo ingejulikana kosa ni la nani, na mwenye kosa angepakiwa kwenye gari la mchinjaji.

Bibi hakutaka apakiwe yeyote, kwa hiyo alikuja na majibu yake tayari. Alianza na chumvi.

"Ng'ombe asiyelamba chumvi ya madini hashiki mimba. Jiwe lao limekwisha zamani."

"Jiwe lile pale, mama," alisema mkamwana wake. "Nililileta mimi."

"Basi labda ndilo lililoharibu."

Daktari alitoa mkono kwa jike wa kwanza: mimba hakuna, ila kizazi kizima. Wa pili vilevile. Bibi akahamia kwenye ukame, kwamba ng'ombe aliyekonda hana hamu ya kupokea wageni. Daktari akapapasa mbavu, akasema hawa hawajakonda. Bibi akahamia kwa jirani, ambaye ng'ombe wake walitupa mimba na walikuwa wakinywa kisima kimoja na hawa. Hilo daktari hakulidharau, lakini damu aliyoichukua safari iliyopita ilikuwa imepimwa, ikaonekana safi. Bibi alisikitika. Lile la jirani alikuwa ameliwekea matumaini.

"Joto wanapata?" daktari aliuliza.

"Wanapata," alisema mwana. "Wanapandana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye kazi yake amelala."

Wote wakageuka kumtazama Kitinda.

Kitinda alikuwa dume mwekundu aliyefiwa na mama siku alipozaliwa, na bibi akamlea jikoni kwa chupa, mwaka uleule aliofiwa na mumewe. Watu walisema alimbembeleza kuliko alivyombembeleza marehemu. Alijibu kwamba huyu walau hakoromi. Sasa alikuwa ametandazwa kivulini kama gunia lililoshushwa likasahauliwa. Jike mmoja akampitia mbele, mkia pembeni, bila haraka. Kitinda akainuka kwa mafungu, akamfuata, akaweka kidevu juu ya kiuno chake, akawaza, kisha akarudi kulala.

"Ndivyo anavyofanya siku zote?"

"Ana adabu," alisema bibi.

Daktari alimfinya kifuani, akamfinya shina la mkia, akainama kukagua korodani. "Amenenepa kupita kiasi. Mafuta yamejaa mpaka huku chini, mbegu zinaungua kwa joto, na miguu haimbebi. Anakula nini?"

"Majani," alisema bibi.

"Na nini?"

"Na maji."

"Mama," alisema mwana, "tulikubaliana huyu hapewi pumba."

"Kampa nani? Naapa kwa kaburi la baba yako, mimi simlishi."

Daktari akavua glovu. "Angekuwa analishwa ningefurahi. Tungekata pumba, tukamtembeza, baada ya miezi michache angefanya kazi. Lakini dume akinenepa hivi kwa majani matupu, huo ni ugonjwa wa ndani. Sina dawa yake. Muuzeni."

Bibi alifungua kinywa, akakutana na macho ya mkamwana, akakifunga. Tangu pumba zianze kupungua ghalani alikuwa akiimba wimbo mmoja, kwamba kuku wa mkamwana ni walafi. Kusema sasa ni kulamba matapishi, tena mbele ya mkwe, na kaburi limekwisha tajwa.

"Labda ni hewa," alisema. "Wako wanaonenepa kwa hewa. Shangazi yangu alikuwa hivyo."

Mwana akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya mchinjaji. Bibi akasema mchinjaji hakimbii, waingie kwanza wanywe chai.

Jikoni, bibi alisimama karibu na dirisha, ambalo halikuwa na kioo na ambalo yeye alisema lilivunjwa na upepo. Mkamwana akakoroga chai, akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara mbili. Nje kukasikika vishindo, vya mbio ambazo zizi halijapata kuziona. Kichwa cha Kitinda kikaingia dirishani, pembe moja kwanza, kisha ya pili, kwa ustadi wa mtu anayeingia kwake usiku bila taa. Kizingiti cha chini kilikuwa kimelika na kung'aa, sawasawa na upana wa shingo yake.

Mwana akairudisha simu mfukoni. Daktari akapuliza chai yake.

"Mama," alisema mkamwana, taratibu mno, "kuku wangu huyu amekua lini?"

"Huyu anatafuta nini hapa?" aliuliza mwana.

"Anasalimia," alisema bibi.

Kitinda akazamisha pua kwenye mfuko wa gauni la bibi, akaitoa nyeupe kwa pumba.