Samaki wa Bahali

Wekoye alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo, Kitale nzima wala Bungoma, na ukitaka kumkasirisha ulimwambia tu kwamba hiyo si kazi. Alitunza samaki wa baharini. Si wa mtoni, si kamongo wa ziwani, la! Wa baharini, wazima, wanne, ndani ya tangi la kioo kwenye baraza ya mzungu mmoja aliyekuwa fundi wa injini za meli kabla ya kuja kulima mahindi. Mzungu huyo aliikosa bahari vibaya sana, akaamua iletwe. Maji yenyewe yalikuja kwa treni kutoka Mombasa ndani ya mapipa ya mbao, na makuli wa stesheni walikuwa wakichovya kidole, wanalamba, wanatema, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wakampa jina la Bwana Bahali, maana kwetu r na l ni ndugu, na anayefika kwanza mdomoni ndiye anayetoka.

Sasa usifikiri kutunza samaki hao ni kuwatupia chakula na kwenda kulala. Kazi ilikuwa kwenye chujio. Juu ya tangi palikuwa na sanduku la mbao lenye matundu chini: kwanza kokoto, halafu mchanga, halafu mkaa, halafu pamba juu kabisa. Pampu ndogo ilipuliza hewa kwenye bomba la kioo, mapovu yakayapandisha maji machafu mpaka kwenye lile sanduku, na maji yakajipenyeza kwenye pamba, mkaa, mchanga na kokoto, yakarudi kwa samaki yakiwa safi. Kila Jumamosi Wekoye aliitoa pamba na kuisuuza, na kuisuuza kwenyewe ni kwa maji yaleyale ya bahari. Maji ya mfereji, yasiyo na chumvi, marufuku. Sabuni ndiyo usiitaje kabisa. Bwana Bahali alikuwa amemwapia kwamba siku sabuni itakapogusa hapo, yeye na samaki watazikwa kaburi moja.

Wekoye aliipenda kazi hiyo, tena kwa majivuno, na majivuno ndiyo yaliyomponza. Alikuwa amemchumbia Agneta, mshona nguo wa Chwele, msichana mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Siku alipokwenda kujieleza kwa baba yake, Mzee Wepukhulu, aliulizwa anafanya kazi gani, naye badala ya kusema yuko kwa mzungu, basi, akaeleza yote: samaki, chumvi, mapovu.

Mzee Wepukhulu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ati samaki wanaishi ndani ya chumvi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wazima?"

"Wazima, Mzee. Mmoja ni wa bluu kama ile ya kufulia."

"Kijana," alisema Mzee Wepukhulu, "mimi nimekula samaki tangu niote meno. Chumvi huwekewa samaki akishakufa. Anayenidanganya juu ya samaki kesho atanidanganya juu ya ng'ombe. Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiwakuta hai ndani ya chumvi, utamwoa Agneta. Nisipowakuta, usikanyage tena boma langu."

Basi, hilo ndilo lililokuwa sharti. Siku ikapangwa, Jumamosi moja ya mwaka wa hamsini na tatu. Bwana Bahali alikuwa anakwenda kwenye mbio za farasi, akatoa ruhusa wageni wapite barazani, mradi mtu asiguse kioo. Agneta aliandika barua kwamba atakuja na baba yake, wawili tu. Wekoye aliisoma mara kumi na mbili. Alifurahi mpaka akawa anatembea nusu akiruka, na Cheruiyot, mpishi wa hapo, mtu wa Kapsokwony asiyependa makelele asubuhi, akamuuliza kama ameumwa na siafu.

Jumamosi ikafika na Wekoye akaamua maji yang'ae kuliko siku zote. Hapo ndipo mtu alipaswa kumshika mkono, lakini nani angemshika? Pamba ambayo kwa kawaida ilikuwa tabaka moja jepesi, yeye akaweka tabaka sita, akaishindilia kwa ngumi kama anajaza godoro. Mkaa, ambao Bwana alisema uwe vipande vya ukubwa wa harage, yeye akautwanga kwenye kinu mpaka ukawa unga, ati ukiwa mwingi na laini utasafisha zaidi. Wala hakuuosha. Akaumwaga ndani, akarudi nyuma hatua mbili, akajitazama kwenye kioo na kurekebisha kola ya shati.

Haukupita muda ukanda wa injini ya umeme ukakatika. Paa! Pampu ikanyamaza na mapovu yakakoma.

"Cheruiyot! Ukanda!"

"Mimi ni mpishi, bana!"

"Mpishi mwenye mikono! Kimbia!"

Cheruiyot akakimbilia banda la injini huku akilaani samaki wote walioumbwa. Wekoye akaingia chini ya meza ya tangi. Huko kulikuwa na pampu ya mguu, ile ya kujazia upepo magurudumu ya gari, iliyowekwa kwa ajili ya balaa kama hiyo. Meza ilifunikwa kitambaa kirefu mpaka sakafuni kwa sababu Bwana hakupenda kuona mipira ya pampu. Wekoye akachuchumaa gizani, akaweka mguu, akaanza kukanyaga. Fuu, fuu, fuu. Mapovu yakarudi na roho yake ikatulia. Wageni wakija, alijiambia, nitakanyaga huku nimetoa kichwa nje, niwasalimu vizuri.

Wageni wakaja. Akasikia hodi ya Mzee Wepukhulu, akasikia kicheko cha Agneta, akainua pindo la kitambaa atoe kichwa. Akaona miguu. Viatu vya Mzee, viatu vya Agneta, na miguu mingine mitupu, mipana, yenye vumbi jekundu la safari, chini ya gauni la maua aliloliona siku ile bomani Chwele.

Mama yake Agneta! Mungu wangu!

Wekoye akaachia pindo kama limemchoma. Asiyekuwa wa kwetu aelewe: kwetu mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Na mama huyu, Nekesa, ambaye barua haikumtaja, alikuwa amekuja kwa sababu zake mwenyewe. Alikuwa mpishi wa munyu, ile chumvi ya kienyeji inayochujwa kwenye majivu, na soko zima la Chwele lilimjua kwa hiyo. Aliposikia kuna maji yenye chumvi yake ndani bila majivu, alipanda lori bila kumuuliza mtu.

Wekoye akawaza kukimbia. Lakini akikimbia, pampu inakufa, samaki wanakufa, na Agneta anakwenda. Akabaki. Fuu, fuu, fuu. Jasho likamtoka mpaka masikioni, na juu ya hofu yote hiyo, kicheko kilikuwa kinamtekenya kooni, kwa sababu hali yenyewe ilikuwa ya kipuuzi mno.

"Hodi tena!" aliita Mzee Wepukhulu. "Huyu kijana yuko wapi? Ameona tumekuja akatoroka?"

"Hawezi kutoroka, Baba," alisema Agneta. Alikuwa ameona kidole gumba cha mguu kikichungulia chini ya kitambaa, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa kicheko.

Wakasogelea tangi.

"Kweli ni samaki," alisema Mzee polepole. "Na huyu ni wa bluu. Lakini mbona maji ni kama chai ya matanga?"

Wekoye akaelewa. Unga wa mkaa! Ulikuwa unateremka kwenye tangi. Halafu akahisi kitu cha baridi shingoni, tone, na tone jingine. Sanduku la juu lilikuwa limeziba, maji yanapanda lakini hayashuki, sasa yanafurika na kumwagika mezani. Kadiri alivyokanyaga ndivyo yalivyomwagika.

"Wanapanda juu," alisema Agneta, na sasa hakuwa anacheka. "Baba, wanafungua midomo. Wanakufa!"

"Nilisema mimi," alisema Mzee. "Chumvi."

"Nyamaza kidogo," alisema Nekesa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika. Wekoye akasikia vikuku vikigongana juu ya kichwa chake, mkono ukiingia kwenye sanduku. "Hii si chumvi, Wepukhulu. Hiki ni chungu cha munyu, kina matundu chini na vitu juu, maji yapite taratibu. Na aliyekijaza amekishindilia kama mtu anayezika adui. Hata mimi nikishindilia majivu yangu hivi, sipati hata tone moja."

Akaanza kutoa pamba, tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Kila lilipotoka Wekoye alisikia maji yakipumua. Furaha ikamshika, akakanyaga kwa nguvu zaidi.

"Na huu mkaa haukuoshwa," Nekesa aliendelea. "Agneta, chukua sanduku hili tukalisuuze kwenye ule mfereji."

Mfereji! Chini ya meza Wekoye aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye mbao. Maji ya mfereji kwenye chujio la bahari! Afanye nini? Kumsemesha hawezi. Kunyamaza hawezi. Akafumba macho, akaibadilisha sauti ikawa nyembamba, na akasema kwa sababu hakuwa na njia nyingine:

"Sisi samaki hatutaki maji ya mfereji."

Mzee Wepukhulu akasogeza sikio karibu na kioo.

"Nani amesema?" aliuliza Mzee Wepukhulu.

"Ni sisi samaki," ilisema ile sauti. "Tunaomba tusuuziwe kwa maji ya bahali. Yako kwenye pipa, pale pembeni ya mlango. Tafadhali."

"Samaki wa Mombasa," alisema Mzee kwa mshangao, "na anasema bahali?"

Agneta akakaa chini sakafuni. Alikuwa amejifunika uso na mabega yanamruka. Lakini Nekesa hakucheka. Alitazama kile kitambaa kinachopanda na kushuka kila pampu inapokanyagwa, akakitazama kile kidole, halafu taratibu, kwa heshima kamili, akageuka na kuipa meza mgongo.

"Agneta," alisema, "waambie samaki nimesikia. Waulize, pamba nirudishe kiasi gani?"

"Samaki, mnaulizwa pamba kiasi gani," alisema Agneta kwa shida.

"Tabaka moja, jepesi. Na ule mkaa laini utoke wote. Kuna mwingine kwenye debe, wa vipande. Uoshwe mpaka maji yasiwe meusi."

"Waambie wamesema vizuri," alisema Nekesa. "Waambie pia, aliyetwanga mkaa kuwa unga asirudie tena maishani."

"Tunamwahidi Mama," walisema samaki. "Yaani, hatarudia."

Wakafanya kazi hivyo, yeye juu, huyu chini, kwa kupitia binti na samaki. Nekesa aliosha mkaa kwa maji ya pipa, akapanga kokoto, mchanga na mkaa, akaweka pamba nyembamba kama anavyotandaza nyasi chunguni. Kisha maji yakaanza kudondoka. Tone, tone, halafu mchirizi mzuri. Wakajaza tangi kutoka kwenye pipa, na uchafu ukapungua kidogo kidogo mpaka upande wa pili wa kioo ukaonekana. Samaki wa bluu akashuka chini, wa milia akamfuata, na wale wawili wengine wakaanza kufukuzana kana kwamba hakuna lililotokea. Agneta akapiga kigelegele. Wekoye alitaka kupiga pia, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nekesa akachovya kidole, akaonja. "Chumvi," alisema. "Kali, haina adabu hata kidogo. Lakini ni chumvi."

Mzee Wepukhulu naye akaonja. Akakunja uso, akaonja tena.

"Haya, kwa samaki amesema kweli," alisema, macho yake sasa yako kwenye kile kidole chini ya kitambaa. "Nakubali. Lakini mimi nimesafiri kutoka Chwele, nafika, mtu amejificha chini ya meza kama panya! Hata kunisalimu? Mwanamume anayekimbia wageni nitampaje binti?"

Chini ya meza mguu wa Wekoye ukasita. Alikuwa na jibu, lakini hakuwa na namna ya kulitoa, kwa maana lilihusu yule aliyesimama pale. Machozi yakamlengalenga, mwanamume mzima. Akaendelea kukanyaga.

"Wepukhulu," alisema Nekesa, bado akiwa ameipa meza mgongo, "wewe uliponioa, ulimkimbia nani?"

"Swali gani hilo? Nilimkimbia mama yako. Niliingia kwenye miba."

"Kabla ya kupewa mimi au baada?"

"Baada! Kabla ningemkimbia kwa nini? Alikuwa mama wa watu tu."

"Basi huyu hajapewa kitu," alisema Nekesa. "Hakuna aliyemwambia ndiyo. Mimi kwake bado ni mama wa watu tu. Lakini ameona miguu yangu akabaki gizani, maji yakammwagikia, akavumilia, hakutoka. Ukimkatalia sasa, niambie, ile heshima aliyonipa nitaipeleka kwa nani?"

Mzee Wepukhulu alifungua mdomo akaufunga, kama wale aliokuja kuwatazama. Nekesa hakungoja. Alijitanda leso kichwani mpaka usoni, akashuka ngazi za baraza kuelekea jikoni, akiita kwa sauti ya kusikika wazi kwamba anakwenda kutafuta chai na hatarudi upesi.

Wekoye akatambaa nje, mguu mmoja bado nyuma kwenye pampu, shati limelowa, kola imepinda, unga wa mkaa umemjaa usoni. Akapiga goti moja kati ya Agneta na baba yake, huku akikanyaga.

"Mzee, shikamoo," alisema. "Samahani, siwezi kuacha. Ukanda bado."

Mzee Wepukhulu aliutazama ule mguu. Halafu akainama, akafungua kamba za kiatu chake cha kulia, akakivua, akakiweka kando. Akainua pindo la kitambaa na kuweka mguu wake juu ya pampu.

"Toka hapo, mkwe wangu," alisema. "Nenda ukamsalimu Agneta. Hawa nitawapulizia mimi."