Kamba ya Kwa Kigingi

Wageni wakiuliza kijiji chetu cha ushirika kilianzaje, huwa nawaambia kilianza na kamba. Wanacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na hapo ndipo nilipoharibu.

Tulikuwa kaya kumi na mbili, zote tumechoshwa na vyumba vya kupanga mjini. Mjomba wangu, fundi seremala, ndiye aliyepita mlango kwa mlango akitushawishi tukalime pamoja. Kuna waliomwona amerukwa na akili, lakini hakuchoka. Tulipopata shamba la zamani lililotelekezwa, tukakubaliana kila kaya ipewe kipande sawasawa, kamba kumi kwa kamba kumi, na eneo lililobaki tulilime wote.

Kupima nikapewa mimi, kisa nimemaliza kidato cha nne.

"Si wewe ndiye Profesa? Haya, tuoneshe hesabu!" wakanitania.

Nikaanza na Mjomba, asubuhi mapema, naburuta kamba ya katani kwenye nyasi zilizolowa umande chapachapa. Nikamalizia kwa jirani yake, fundi baiskeli, jua la saa saba likinichoma utosi.

Maharage yalipoota, Mjomba alisimama mkutanoni, kofia mkononi.

"Jamani, kipande changu kimepungua. Jirani ananizidi mistari minne. Nadhani ile..."

"Mjomba," nikamkatiza, "pengine maharage yako yana aibu, yamejibana!"

Watu hoi kwa kicheko. Fundi baiskeli akadakia, "Au kigingi cha mpaka kimeota miguu, bwana!"

Tangu siku hiyo Mjomba akawa Mzee Kigingi, hata kwa watoto wadogo. Mwezi haukuisha, akafunga randa na msumeno wake, akarudi mjini. Hakugombana na mtu.

Masika yaliyofuata tulijenga ghala. Asubuhi, baada ya mvua, nilipima upande mmoja: kamba tatu kamili. Mchana, kamba ile ile imekauka, nikarudia. Ikaupita msingi kwa hatua nzima.

Nikakaa chini kwenye tope.

Kesho yake nilimkuta Mjomba kwenye kibanda chake, anapiga randa mlango wa mtu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Profesa."

"Ilikuwa kamba. Ikilowa inafupika. Wewe nilikupima na umande."

"Najua." Akapuliza vumbi la mbao. "Nilijua tangu yale maharage."

"Sasa mbona hukusema?"

"Si nilisimama niseme?"

Nikamwomba arudi, tutampimia upya.

"Ardhi utapima," akasema. "Lile jina utalipima na nini?"

Akafungua droo, akanipa tepu yake ya chuma. "Chukua. Hii ilowe isilowe, ni ile ile."

Tulipima upya vipande vyote. Cha Mjomba sasa kiko sawa kabisa, kimeota nyasi. Watoto wanapaita Kwa Kigingi. Nikiwakataza, wananicheka.