Ng'ombe Ndani ya Kompyuta

Ng'washi alirudi likizo Nyegezi na sanduku la bati, cheti cha nidhamu asichostahili, na wazo. Wazo lenyewe: kompyuta ya steshenari ya mama yake mdogo, Modesta, ilie "mooo" kila mtu akibonyeza herufi M.

Basi Jumamosi, Odoyo, mchapaji wa pale, alipotoka kwenda kula, Ng'washi alishusha mtandaoni programu ya bure yenye picha ya ng'ombe anayecheka. Antivairasi ikapiga kelele. Maelezo ya ng'ombe yalisema izimwe kwanza, naye akaizima kwa utiifu ambao walimu wake hawakuwahi kuuona. Kikatokea kidirisha kikiuliza kama programu hiyo iruhusiwe kugusa mashine nzima.

"Inalialia nini hiyo?" mama mdogo aliuliza kutoka kwenye fotokopi.

"Inapiga hodi tu, mama mdogo."

"Si uikaribishe! Mgeni anasimamishwa mlangoni?"

Ng'washi akabonyeza Ndiyo. Odoyo aliporudi na kuanza kuchapa "Mwanza", ng'ombe alilia, mchapaji akaruka kitini, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Modesta alikuwa ameshatoka kufuata karatasi mjini, na kabla hajarudi Ng'washi akamnyamazisha ng'ombe.

Kilichoingia pamoja na ng'ombe hakikucheka. Kilikaa kimya siku tatu. Jumatano wanafunzi wa chuo wakaanza kurudi na flashi zao: mafolda yamegeuka njia za mkato, ukiyafungua hupati kitu. Dada mmoja alilia pale kaunta kwa ajili ya tasnifu yake. Jioni ujumbe ukazunguka kwenye simu za chuo kizima: msiingize flashi kwa Modesta. Alhamisi fotokopi haikupata moto hata mara moja.

"Ni wewe, Odoyo," Modesta alisema. "Wewe na mpira wako wa mtandaoni."

"Mama, mpira naangalia kwenye simu yangu."

"Na unanijibu!"

Kiti kile ndicho kilichokuwa kikimlipia Odoyo ada ya mwaka wa mwisho. Akatoka nje.

"Ng'washi, wewe umesoma kompyuta. Itibu, halafu uniambie nani kaileta takataka hiyo. Nikimjua, leo hii anaondoka."

Ng'washi akafanya kila kitu kama daktari bingwa. Alichomoa waya wa intaneti, ili kilichomo kisiendelee kuongea na bwana wake. Aliazima kompyuta ya jirani iliyo safi, akashusha antivairasi mpya kwenye flashi mpya, akaiwasha mashine katika hali salama na kuipekua. Maandishi mekundu yakatokea: Trojani, yaani kirusi kilichojificha ndani ya programu nyingine. Pembeni, jina la faili: ng'ombe anayecheka. Tarehe: Jumamosi, saa saba na dakika kumi.

Saa saba na dakika kumi Odoyo alikuwa anakula ugali na sato, na mama lishe mwenyewe angeapa hivyo.

Kidirisha kikauliza: Futa?

Nje, Odoyo alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Ng'washi akabonyeza Ndiyo, kwa mara ya pili wiki ile. Kisha akahamisha nyaraka baada ya kuzipekua moja moja, akapiga Windows upya, na kwenye kompyuta ya jirani akabadilisha nywila zote.

"Nani?" mama mdogo aliuliza.

"Haionekani."

Kwa Modesta hilo lilitosha kumfukuza mchapaji wake. Odoyo alichukua kikombe chake cha chai na daftari. Mlangoni akamgeukia Ng'washi. "Asante kwa kuitibu, mdogo wangu. Usisahau kuwasha antivairasi. Mtu aliizima."

Ng'washi alivumilia mpaka Jumamosi asubuhi.

"Mama mdogo, ni mimi. Niliweka programu ya ng'ombe. Ukibonyeza M, inalia."

Modesta alimtazama, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Wewe na vituko vyako! Unamwonea huruma tu yule kijana."

"Kweli tena. Wewe mwenyewe ulisema niikaribishe."

"Haya, nionyeshe huyo ng'ombe."

Ng'washi akageukia kompyuta. Ilikuwa safi, inang'aa. Akabonyeza M. Akabonyeza tena, kwa nguvu, mpaka mstari mzima ukajaa M kimya kimya.

"Umeona?" alisema mama mdogo, na kurudi kuipangusa fotokopi.