Bwawa Lililouzwa

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Gunnvor Tveitane aliipigia simu kampuni ya umeme, na sauti ya msichana, kutoka mji asioujua, ikamjibu vilevile: bei si yetu, mama, bei ni ya soko. Akakata simu. Nje baridi ilikuwa imelikaba bonde zima. Kitalu kimoja cha kioo, nyumba ya kuoteshea mboga kwa joto la umeme, alikwishakizima. Viwili viling'aa kwa taa, na ndani miche ya matango ilikuwa imeanza kupanda kwenye kamba zake.

Zamani angekwenda tu kwenye ofisi ya kampuni ya umeme ya wilaya, jirani na kanisa, akamkuta mtu anayemjua kwa jina. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliochimba mahandaki ya bwawa kule mlimani. Umeme ulikuwa mali yao na bei haikuyumba. Kisha serikali ya Norwei ikafungua soko, umeme ukawa unanadiwa kama samaki, na halmashauri ikaiuza kampuni kwa matajiri wa mjini. Mwanzoni bei ilishuka. Hata Gunnvor alifurahi, akachagua mkataba wa bei ya siku, inayopanda na kushuka na soko. Lakini kiangazi kilichopita matajiri hao waliyafungulia maji ya bwawa yazalishe umeme, nchi jirani zikiununua kwa bei nzuri, halafu mvua zikagoma. Sasa bwawani palibaki tope lililoganda.

Akamwendea kaka yake Oddvar, diwani, mmoja wa walionyoosha mkono kampuni iuzwe. Alimkuta jikoni na kahawa yake.

"Kaka, leo nazima," alisema bila kuketi. "Nikiendelea hivi, shamba lenyewe litakwenda."

"Dada, mimi sikuleta ukame."

"Ukame hukuleta. Maji mliyauza."

"Tuliuza kampuni. Hela zake ndizo zilizojenga nyumba ya wazee. Mama analala wapi, Gunnvor? Kwenye joto au kwenye baridi?"

Mama alitunzwa vizuri mle, akitembea na soksi tupu kwenye sakafu yenye joto. Laiti Oddvar angekuwa mwizi, Gunnvor angemtukana akarudi nyumbani roho nyeupe.

"Basi njoo unisaidie kubeba," alisema mwishowe.

Waliifungua miche kambani, wakaibeba na trei zake kuipeleka nyumbani, kwenye jiko la kuni. Waliifunika kwa magazeti na mablanketi, wakaipanga sebuleni, kwenye ngazi, hata bafuni. Lakini hatua zile chache za uani zilitosha kuiua kwa baridi. Majani yalilegea, yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Oddvar aliinua mche mmoja. "Huu utapona?"

"Hauponi."

"Sasa tunabeba nini?"

"Siwezi kuzima taa huku miche inanitazama."

Oddvar aliinama akachukua trei nyingine, machozi yakimtiririka, na Gunnvor akajifanya hakuona.

Mchana walipochoka, nusu ya miche ilikuwa ingali vitaluni. Gunnvor akamtuma kaka yake achanje kuni, kwa kuwa hakutaka awepo. Akaingia peke yake, akashika swichi kubwa, akaishusha. Mashine za joto zikanyamaza. Alisimama pale mpaka pumzi yake ikaanza kuonekana, kisha akafunga mlango.

Theluji ilipoyeyuka maji yalijaa na bei ikashuka. Wakati huo Gunnvor alikwisha kumuuzia mtu wa bonde la pili vioo vya vitalu, na sasa yeye mwenyewe anakata samaki kiwandani, amesimama kutwa nzima ndani ya mabuti ya mpira.